Mkwe Ndani ya Pipa la Chokaa

Siku ya Ijumaa, mnamo saa nne asubuhi, Mzee Gaston wa Lusangi alitumbukia makalio kwanza ndani ya nusu pipa la chokaa, mbele ya watu wapatao arobaini, na wote walicheka. Aliyemtumbukiza alikuwa mume wa binti yake, Musafiri.

Si kwamba alikusudia. Musafiri alikuwa seremala wa misheni ya Kasongo, na asubuhi hiyo alikuwa amebeba begani ubao mrefu, maana ukuta wa kanisa ulikuwa unapakwa chokaa kabla ya ziara ya askofu na wapakaji walihitaji pa kusimama. Mzee Gaston alikuwa ametembea siku nne kuja kumwona mjukuu wake mchanga. Kwa kuwa ni mtu wa sala, alipita misheni kwanza kabla ya kwenda kwa binti yake. Mpakaji mmoja akamwona, akaita, "Musafiri, mukwe yako iko nyuma yako." Musafiri akageuka amsalimu kwa heshima zote. Ubao nao ukageuka.

Ubao ulimpata mzee kifuani, si kwa nguvu sana, lakini kwa nguvu ya kutosha. Kofia yake ya pama iliruka. Yeye alirudi nyuma hatua tatu, na hatua ya nne ilikuwa pipa. Akakaa humo kama mtu aliyekaribishwa kiti, miguu ikabaki nje. Shuka aliyojifunga kiunoni chini ya koti ikafunguka, ikaelea juu ya chokaa.

Hapo Musafiri alifanya alichofundishwa tangu utoto. Kwa watu wa Kabambare, walikotoka yeye na mzee, baba mkwe hatazamwi usoni, mtu hali naye sahani moja, wala hazungumzi naye ana kwa ana. Na kumwona hana nguo ni jambo ambalo mtu mzima hataki hata kuliwaza. Basi alitupa ubao, akafunika macho kwa mikono yote miwili, akakimbia. Alikimbia hivyo hivyo, macho yamefunikwa, akagonga mpapai, akauomba mpapai radhi, akaendelea mpaka barabara ya sokoni.

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo lililomuumiza Mzee Gaston kuliko ubao. Wiki mbili kabla, Furere Anselme, mtawa Mzungu wa misheni, alikuwa ameonyesha kwa mara nyingine filamu fupi ya zamani, isiyo na sauti, imechakaa kama kanga ya jikoni, ambamo Mzungu mwembamba aliyebeba ubao anamwangusha Mzungu mnene ndani ya pipa, halafu anatimua mbio. Na aliyezungusha mpini wa mashini huku akiwaeleza watu kinachotokea alikuwa huyo huyo Musafiri. Basi mji mzima uliamini kwamba Musafiri sasa ameileta kinema nje ya ukumbi, mchana kweupe, na ametafuta mzee mnene wa kufaa.

"Rudia, baba," mama mmoja alimwambia Mzee Gaston huku akimvuta mkono atoke pipani. "Mimi nilikuwa nimeinama, sikuona vizuri."

*

Nyumba ya Musafiri ilikuwa na vyumba viwili, ua wenye uzio wa matete, na jiko la majani. Jumamosi asubuhi Mzee Gaston alikaa kwenye kigoda upande wa jiko. Musafiri alikaa nyuma ya kona ya nyumba. Kati yao hapakuwa na hatua kumi, na kila mmoja alimsikia mwenzake mpaka anavyopumua. Lakini adabu ni adabu, maneno yalipaswa kubebwa na mtu. Mbebaji alikuwa Shangazi Emilienne, dada yake Mzee Gaston, aliyeolewa Kasongo zamani na kuuza mikate ya ndizi sokoni, mwanamke mwenye magoti mabovu na mdomo mzima.

"Emilienne," alisema mzee, "muulize mukwe yangu kama mimi niko mutoto wa kuchezewa."

Emilienne akainuka, akazunguka kona. "Anauliza kama yeye iko mutoto wa kuchezewa."

"Nimesikia, shangazi. Muambie hapana. Muambie ni ubao njo ulimupiga, si roho yangu."

Akarudi. "Anasema ni ubao."

"Nimesikia. Muulize kama ubao ule ulikuwa na miguu. Maana mimi niliona kitu kinakimbia."

Emilienne aliizunguka ile kona mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alichukua kigoda chake, akakiweka palepale penye kona, akawa anageuza shingo tu.

Musafiri alitoa mbuzi. Mzee akakataa. Akaongeza jembe jipya. Mzee akakataa. Akaongeza koti lake mwenyewe la harusi, ambalo lisingemfika mzee hata mabegani, na mzee akasema asante, alikuwa na koti, mpaka jana.

"Sasa unataka nini, kaka?" Emilienne aliuliza, na safari hii aliuliza kwa niaba yake mwenyewe.

Mzee Gaston kweli alikuwa na neno. Lilikuwa limemkaa kooni tangu jana, lakini hakuona jinsi ya kulipitisha kwenye shingo ya mtu mwingine. Akalimeza, akasema lingine lililo rahisi zaidi.

"Muambie Jumatatu asubuhi narudia Lusangi. Odile atakuja pamoja na mimi, yeye na mutoto. Watakaa kwangu mpaka nitasahau."

"Utasahau lini?"

"Mimi sina tabia ya kusahau."

Odile alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mchi ulisimama. Alikuwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni, Régina, na mume aliyempenda wazi wazi mpaka majirani walimtania. Hakumjibu baba yake, maana hakulelewa hivyo. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo za mtoto, akalia, akapangusa uso, kisha akatoka kuendelea kutwanga kwa sababu chakula kilikuwa bado.

Alasiri alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, ameshika randa na hakuna mbao anayoipiga.

"Kwa nini ulikimbia?" alimwuliza.

"Ningesimama? Nimuangalie baba yako vile alivyokuwa?"

"Sijui. Mimi najua tu niko nafunga mizigo."

"Usiende, Odile."

"Baba akisema twende, mimi nitakatala namna gani? Tafuta njia, Musafiri. Wewe njo fundi."

Kwa wakati huo Mzee Gaston alikuwa amekwenda sokoni kununua tumbaku, na huko mambo yakazidi. Muuza tumbaku alimwuliza, kwa nia njema kabisa, misheni inamlipa kiasi gani kwa kila anguko. Wanawake wawili wauza mawese walisogeza madumu yao pembeni alipopita, wakaegemeana kwa kicheko. Mzee mwenzake, mtu mwenye mvi kama zake, alimshika mkono akamsifu: watu wengi wanaanguka, alisema, lakini wachache wanajua kukaa. Na kofia yake, iliyooshwa mara tatu, ilikuwa bado imebaki na weupe upande mmoja, kwa hiyo alitambulika kutoka mbali.

Alirudi bila tumbaku.

"Wanasema niko sawasawa na Muzungu wao wa kinema," alimwambia Emilienne. "Huyo Muzungu iko namna gani?"

"Munene."

"Mimi siko munene."

Emilienne alikuwa na mengi ya kusema siku hiyo, lakini hapo aliinama akaanza kupanga mikate yake. Aliyejibu alikuwa Odile, kutoka jikoni, bila kuinua macho. "Kesho kisha misa Furere anaionyesha tena, baba. Umechekwa siku mbili kwa kitu haujaona. Kaone kwanza."

*

Ukumbi wa misheni ulikuwa umezibwa madirisha kwa mikeka, na ndani mlikuwa na giza la mchana, lenye joto na harufu ya sabuni ya Jumapili. Mtambo mdogo wa umeme ulinguruma nje. Wakristo walikuja wote, na Waislamu wa mjini nao walikuja, kwa sababu siku ya kinema hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Watu walimpenda sana Mzungu anayeanguka. Siku sita walisimama kando ya njia na kuvua kofia Mzungu akipita. Jumapili waliruhusiwa kumwona Mzungu akikalia keki, akibamizwa na mlango, akiangukiwa na ngazi, na hakuna aliyepelekwa gerezani kwa kucheka. Furere Anselme mwenyewe, mwenye ndevu na kanzu iliyopata mafuta ya mashini, alicheka kuliko wote.

Lakini Kasongo mtu hachekwi ovyo. Mara ya kwanza filamu ile ilipoonyeshwa, yule mnene alipotumbukia, ukumbi ulinyamaza hata Furere akadhani ameweka filamu mbovu. Kumbe watu walikuwa wanangoja kuelezwa. Mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, "Huyu munene ni nani kwake?" Maana kama ni kaka yake mkubwa, ni utovu wa adabu. Kama ni jirani, ni kesi ya kwenda kwa chifu. Musafiri alifikiri haraka, akasema, "Ni babu na mujukuu wake." Hapo ukumbi ukalipuka, kwani mjukuu na babu yake wana ruhusa ya kutaniana mpaka siku ya kuzikana. Tangu hapo swali hilo liliulizwa kila filamu ilipoonyeshwa, ingawa kila mtu alijua jibu. Lilikuwa sehemu ya raha.

Jumapili hii Mzee Gaston alikaa benchi la tatu, ukingoni, kofia kichwani, Emilienne kando yake na kapu lake la mikate miguuni. Watu walimpisha kwa heshima kama mgeni rasmi. Odile alisimama mlangoni na mtoto. Musafiri, nyuma kabisa penye mashini, aliona ile kofia mbele yake, akapangusa kiganja kwenye suruali kabla ya kushika mpini.

Taa ikawaka. Kwenye kitambaa cheupe Mzungu mwembamba akatokea na ubao wake, akitembea ule mwendo wao wa harakaharaka. Mnene akatokea upande wa pili, koti jeusi, kofia nyeusi, tumbo mbele. Mzee Gaston alimtazama kwa makini, kisha, bila kutaka, akajishika tumbo lake mwenyewe.

"Huyu munene ni nani kwake?" ikaulizwa, na watu wakavuta pumzi wakiwa tayari.

Musafiri alikuwa karibu kusema babu. Kila mtu ukumbini alijua ni nani aliyeingia pipani siku ya Ijumaa, na kusema babu mbele ya mtu huyo kungekuwa kumtumbukiza mara ya pili.

"Ni mukwe yake," alisema. "Ni baba ya muke yake."

Pumzi zilizovutwa hazikutoka. Ubao uligeuka. Kofia ikaruka. Mnene akatumbukia, chokaa ikaruka mpaka kwenye ukuta, na hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisema "yoo" kwa sauti ya msibani. Furere alianza kucheka, akasikia kwamba yuko peke yake, akaacha. Mwembamba akatupa ubao, akatimua mbio.

"Emilienne," ilisema sauti ya Mzee Gaston gizani, "muulize huyo mwembamba kwa nini anakimbia."

Emilienne akageuza shingo nyuma kwa mazoea. "Anauliza kwa nini anakimbia."

"Anasikia haya," alijibu Musafiri, akiendelea kuzungusha. "Hana ruhusa ya kumuona mukwe yake namna ile."

"Muambie kuanguka si kitu. Huyo munene ameanguka mara mingi. Ameanguka kutoka juu ya mungazi, ule muti wa mawese, ameanguka mutoni, ameanguka siku ya ndoa yake kule Lusangi. Kuanguka si kitu." Macho ya mzee hayakutoka kwenye kitambaa. "Muambie munene alikuwa mule ndani, ananyoosha mukono. Watu wote wanacheka. Yeye anatafuta mutu moja tu ambaye ni wake. Na ule wa kwake njo anayekimbia."

Emilienne akageuza shingo arudie. Haikuhitaji kurudiwa. Musafiri alikuwa amesikia, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mpini. Kwenye kitambaa mwembamba naye alisimama, mguu mmoja hewani.

"Musafiri," Furere alipiga kelele, "zungusha, taa itachoma filamu."

Musafiri alikuwa na machozi machoni na haya mwili mzima. Akashika mpini akazungusha upesi, lakini mkono ulikwenda upande usio wake.

Mwembamba akaanza kurudi.

Alirudi kinyumenyume, mgongo ukitangulia, uso ukitazama kwingine, kwa kasi ile ile aliyokimbilia. Alikata kona kwa mgongo. Aliruka mbwa kwa mgongo. Alifika penye pipa bila kugeuza macho hata mara moja kumtazama mkwe wake aliye uchi wa heshima humo ndani. Na alipofika tu, mnene akainuka. Makalio yalitoka kwenye chokaa, matone yakaruka kutoka ukutani yakarudi pipani, koti likawa jeusi na safi, na kofia ikapaa kutoka chini ikakaa kichwani sawasawa.

Hakuna mtu Kasongo aliyewahi kuona jambo la namna hiyo.

"Amerudi kumuinua," mtu alisema.

"Na hamuangalie," alisema mwingine kwa mshangao mkubwa. "Muone, anakuja na mugongo. Heshima yote iko palepale."

Mzee Gaston alikohoa. Kile kikohozi kikashuka mabegani, mabega yakaanza kutikisika, na benchi zima likatikisika pamoja naye, kisha kicheko kikatoka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mtu wa shamba, cha kusikika ng'ambo ya mto, na kilikuwa na siku mbili za kukaa ndani bila kutoka. Watu walimwangalia kwanza. Walipoona ni kweli, nao wakacheka.

"Emilienne," alisema alipopata pumzi, "muambie amuangushe tena. Kisha amuinue tena."

Mnene aliangushwa na kuinuliwa mara saba. Furere alilalamika mara ya pili kwamba filamu itakatika, na mara ya tatu pia. Mara ya tano alikuwa amekaa chini, amefunika uso kwa ndevu zake, anaomba waache, mbavu zinamuuma. Kila mwembamba aliporudi na mgongo wake, ukumbi mzima ulimwimbia, polepole, polepole, usiangalie, na kila kofia ilipopaa, Mzee Gaston alijigusa ya kwake kichwani.

*

Mikeka iliposhushwa mwanga ukaingia, hakuna aliyetoka. Mzee Gaston alikuwa bado amekaa. Benchi lilikuwa la wanafunzi, fupi, na kucheka kulikuwa kumemmaliza miguu.

"Emilienne," alianza, "muambie mukwe yangu..." Akamtazama dada yake na magoti yake. "Acha. Kaa."

Akavuta pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo wazee wa Lusangi walilijadili mwaka mzima baadaye.

"Musafiri," aliita, kwa jina, kwa mdomo wake mwenyewe. "Uje uniinue."

Musafiri aliacha mashini. Akageuka akaupa ukumbi mgongo, akanyoosha mkono nyuma, akaanza kuja kinyumenyume katikati ya mabenchi. Watu walimwongoza. Kushoto kidogo. Bado. Hapo kuna mtoto. Alipita benchi baada ya benchi vizuri kabisa, taratibu, mkono ukipapasa hewa, na Mzee Gaston akanyoosha wake. Vidole vikagusana. Mzee akamshika. Musafiri akaongeza hatua moja ya mwisho, na hatua hiyo ilitua ndani ya kapu la mikate la Shangazi Emilienne.

Alikwenda chini na mkono wa mkwe wake hakuuachia. Mzee akamfuata. Benchi likawafuata wote wawili, na Emilienne, aliyekuwa upande wa pili, akanyanyuka juu kwanza kabla ya kushuka. Mikate ya ndizi ilitawanyika mpaka mlangoni.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Watu zaidi ya mia walisimama wakitazama rundo lile la miguu na benchi, na kila mmoja alingoja. Odile alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kutoka chini ilisikika sauti ya Mzee Gaston, imefunikwa kidogo na kofia iliyomshuka usoni.

"Uko?"

"Niko, baba," alisema Musafiri.

"Haukimbie?"

"Sikimbie. Lakini macho nimefunga."

"Fungua. Niko na suruali leo."

Kisha mzee akaisogeza kofia, akawatazama watu wa Kasongo kutoka huko chini alikokuwa, mmoja mmoja, mpaka yule muuza tumbaku, na mkono wa mkwe wake ulikuwa bado ndani ya mkono wake.

"Sasa mucheke," aliwaambia.

Walicheka mpaka Furere akasahau kuzima mtambo. Odile hakungoja wamalize. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda nyumbani kufungua mizigo.